Pimeni watoto kwa sentimita kabla ya kukata tiketi za bustani za burudani ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wazazi wa Mtwara na Lindi wanaojipanga kuwapeleka watoto kwenye bustani kubwa za burudani: Disneyland Paris kule Ufaransa, Ferrari World ya Abu Dhabi, au Gold Reef City ya Johannesburg. Kila malipo ya korosho yanapoanza kuingia, matangazo ya safari hizi hujaa kwenye simu. Yanataja ndege, hoteli na idadi ya siku. Hayataji sentimita, na sentimita ndizo zinazoamua mtoto wako atapanda nini akishafika.

Tiketi ya getini huuzwa kwa umri. Disneyland Paris, mtoto wa chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu, wa miaka 3 hadi 11 ana bei yake, na kuanzia 12 ni mtu mzima. Lakini ukifika kwenye mchezo wenyewe, mlangoni pana kipimo cha urefu na mfanyakazi amesimama pembeni, wala haulizi umri. Treni ya mgodini ya Big Thunder Mountain inataka sm 102. Hyperspace Mountain inayokimbia gizani, sm 120. Rola kosta (treni ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi) ya Indiana Jones, yenye kitanzi cha kumgeuza mtu kichwa chini, sm 140. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 mwenye sm 138 amelipiwa bei ya mkubwa na bado atabaki chini akiwatazama wenzake. Kubembeleza hakusaidii, na wala si ubaguzi kama baadhi ya wazazi wanavyodhani pale mlangoni.

Sababu iko kwenye kiti. Chuma kinachoshuka mapajani kimetengenezwa kushika nyonga za mwili wa kiasi fulani. Mtoto akiwa mdogo kuliko kipimo, treni inapodondoka ghafla nyonga zinaweza kuteleza zikapita chini ya chuma. Kile cha mabegani nacho, kwa mtoto mfupi, hukaa shingoni na kwenye taya badala ya bega. Rola kosta ya Formula Rossa, kule Ferrari World, hufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde zisizozidi 5. Abiria huvalishwa miwani ya kukinga macho, maana kwa mwendo huo hata chembe ya mchanga inaumiza.

Upimaji ufanyike nyumbani, na ufanyike vizuri. Mtoto avue viatu, asimame ukutani, visigino, makalio na kisogo viguse ukuta, macho yatazame mbele. Weka kitabu kigumu kichwani kikiwa sawa, chora alama kwa penseli, kisha pima kwa futi ya chuma ya fundi seremala, kwa sababu ile ya fundi cherehani huvutika ikizeeka. Pimeni jioni, si asubuhi: uti wa mgongo hujibana mchana kutwa na mtu hupungua karibu sentimita moja. Nywele zilizosukwa juu zisihesabiwe, na msitegemee soli nene. Mtoto aliyezidi kipimo kwa nusu sentimita tu, mhesabuni kuwa hajafika, ili kama akiruhusiwa iwe bahati yake.

Mkishapata namba, fungueni tovuti ya bustani yenyewe na muandike kila mtoto anaruhusiwa michezo gani. Ndipo mchague pa kwenda. Familia ambayo watoto wengi hawajafika mita moja isifuate bustani iliyojengwa kwa ajili ya mwendo kasi. Disneyland Paris kuna michezo mingi isiyodai urefu wowote, kama boti za Pirates of the Caribbean, Peter Pan's Flight na tembo wa Dumbo, na siku nzima inaweza kuisha humo. Palipo na mtoto asiyefika kipimo, mwambieni mfanyakazi wa mlangoni mapema, kabla ya kuingia kwenye foleni: mzazi mmoja hupanda, mwingine hubaki na mtoto, kisha hubadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Huduma hii haina malipo, ila asiyeijua haitumii.

Majira nayo yana mtego. Fedha za korosho na likizo ya Desemba hukutana na baridi ya Ulaya. Paris ya Desemba jua linazama kama saa kumi na moja jioni, na siku za Krismasi ndizo zenye foleni ndefu na bei kubwa. Mtoto wa huku pwani hana nguo za hali hiyo. Sweta moja haitoshi: avae tabaka tatu, soksi nzito, glovu na kofia inayofunika masikio. Makoti mazuri yanapatikana kwenye mitumba kabla ya safari, kwa sehemu ndogo ya bei ya kule. Anayeweza kusubiri likizo ya Juni ataikuta Paris na mwanga hadi karibu saa nne usiku. Abu Dhabi ni kinyume chake. Desemba hali ni nzuri, Juni nje ni joto la nyuzi 40 na zaidi, ingawa Ferrari World yenyewe sehemu kubwa iko ndani ya jengo lenye viyoyozi. Johannesburg, Desemba ni msimu wa radi za alasiri, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Michezo mikubwa ipandwe asubuhi.

Kwa upande wa karatasi, pasipoti ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, mtoto akiwemo. Kinachokwamisha wengi ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Hadija, shule inasema Khadija, kitambulisho cha mzazi nacho kina jina la tatu. Sahihisheni hayo kwanza. Viza ya Ufaransa, yaani ya Schengen, ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya hapo ni bure. Huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla ya kuondoka, si baada ya hapo, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kuanzia miaka 12 mtoto huchukuliwa alama za vidole, hivyo hesabuni nauli yake ya kwenda na kurudi Dar es Salaam. Viza ikikataliwa ada hairudi. Kwa hiyo msilipie tiketi ya bustani isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka. Afrika Kusini haimdai Mtanzania viza kwa matembezi mafupi, lakini mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine.

Siku yenyewe, wahini getini kabla halijafunguliwa. Saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi, na tofauti ya saa inawasaidia: mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili Mtwara, Paris ya Desemba atafumbua macho saa kumi alfajiri. Anzeni na mchezo unaotakiwa na watu wengi, sio ule ulio karibu na geti. Muda wa kusubiri huonekana kwenye programu ya bustani kwenye simu, na simu ikitumika hivyo haifiki jioni, basi bebeni pawabenki, na ndegeni ikae kwenye mkoba wa mkononi. Plagi zetu za pini tatu zinaingia Abu Dhabi bila shida. Ufaransa na Afrika Kusini zinahitaji adapta, tena kila nchi ya kwake.

Ushungi mrefu, mtandio na baibui pana havifai kwenye mchezo wa kasi, kwa sababu kitambaa kinachopepea kinaweza kunaswa na gurudumu. Hijabu ya michezo inayobana na suruali ndani ya gauni humaliza tatizo hilo. Anayefuata halali aulize jikoni kabla ya kulipa. Ulaya samaki na mboga ndiyo njia rahisi.

Mtoto mwenye seli mundu tunamtaja peke yake, kwa kuwa baridi, uchovu na kukosa maji ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Daktari wake amwone kabla hamjachagua nchi, na siku ya bustani anywe maji kila mara, hata asipoomba. Wajawazito, wenye presha na wenye matatizo ya mgongo au shingo wasipande michezo mikali.

Kila mtoto aandikwe namba ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika, ikianza na +255 kama namba ni ya hapa. Mpigeni picha asubuhi hiyo akiwa amevaa nguo za siku hiyo. Akipotea, picha hiyo ndiyo mtakayomwonyesha mfanyakazi.

Ombi letu kwa waandaaji wa safari ni hili: kila tangazo la bustani liandike urefu unaotakiwa kwa michezo mikubwa, karibu na bei, kwa herufi zinazosomeka. Na mzazi anayepigiwa simu alipe kianzio aulize kwanza, "Mwanangu ana sentimita 115, atapanda nini?" Asiyeweza kumjibu kwa majina ya michezo asipewe fedha.

Wazazi na waandaaji wa safari za familia,
Shangani, Mtwara