YAH: MALALAMIKO KUHUSU ETHI NA KINGA YA RADI YA MTAMBO WA UPEPO, MWALO WA KAYENZE

Kamati ya Ufundi, Chumba cha Barafu,
Mwalo wa Kayenze, Ilemela,
MWANZA.

Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hatutasaini hati ya makabidhiano. Nguzo mliyoisimika juu ya mwamba kando ya gati haina ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) ya kuaminika, na ubao wa inveta, kifaa kinachobadili umeme wa mtambo uweze kutumika, umeshaungua.

Ripoti ya fundi wenu inasema waya ulioshushwa ziwani unatosha kwa kuwa mitambo ya baharini hufanywa hivyo. Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Baharini, nguzo nene ya chuma imezama yenyewe na kupigiliwa kwenye sakafu ya bahari, ndani ya maji ya chumvi yenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa takriban omu-mita 0.2. Ziwa Victoria ni maji baridi: takriban omu-mita 100, yaani mara 500 zaidi. Nanyi mmeacha mita 3 tu za waya mtupu, zimezongwa na magugu. Tumepima ukinzani wa ethi hiyo, tukapata omu 41. Kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, kinapendekeza chini ya omu 10 inapowezekana. Radi ya kiloampea 30, ambayo ni ya kawaida, ikipita kwenye omu 41 inaipandisha nguzo hadi volti zaidi ya milioni moja.

Inveta nayo mmeipa rodi yake ya ethi ya pembeni, bila kuiunganisha na ya nguzo. Volti ya nguzo inapopanda, ya inveta inabaki chini, na tofauti hiyo inapasua njia ndani ya mashine. Rodi hiyo ya mita 1.2 imegonga jiwe kwenye sentimita 60, kilichobaki kikakatwa kwa msumeno.

Waya wa saji aresta, kifaa cha kuzuia volti za ghafla, una mita 4, umekunjwa mizunguko mitano na kufungwa kwa kamba. Kila mita huongeza takriban kilovolti 1 juu ya kiwango ambacho kifaa chenyewe kinazuia. Usizidi nusu mita, tena unyooke.

Waya wa kushuka kutoka juu ni wa milimita za mraba 16. Hizo zinafaa kuunganishia baa ya ethi (kipande cha chuma kinachokusanya waya zote za ethi), si kubeba radi. Shaba yake imebanwa moja kwa moja kwenye alumini, na klampu imeshaota ukungu wa kijani.

Tunataka shaba ya milimita za mraba 50 izunguke msingi, na kutoka hapo mitaro minne ielekee kwenye udongo, kila mmoja mita 20, kina kisichopungua nusu mita, ifukiwe kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji. Msitumie chumvi na mkaa: mvua huisomba chumvi, na kabla haijaisha inakula shaba. Viungo vya chini ya ardhi vilehemiwe. Nguzo, inveta, sola na reli za gati vyote viingie kwenye baa moja. Kisha mpime mbele yetu wakati wa kiangazi, kijiti cha kupimia mkondo kikiwa mita 200 kutoka kwenye ethi na cha volti mita 124.

Radi za ziwani hupiga zaidi usiku, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji. Mapanga tumeyafunga breki, lakini breki haizuii radi. Nguzo bado ni ndefu kuliko vyote mwaloni, na mitumbwi inafungwa chini yake.

Kamati ya Ufundi