Mume wangu ataka kuuza mashini ya boti kwa ajili ya kampeni

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mke wa mvuvi hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi vya karai. Mume wangu amepata mnunuzi wa mashini ya boti letu, na mtu huyo aja kuitazama Ijumaa baada ya swala.

Pesa hizo si za nyumba. Ataka kumchangia bwana mmoja anayewania kiti uchaguzi wa Agosti 2027: fulana, na mafuta ya kupeleka watu mikutanoni Faza na Kizingitini. Akishinda, mume wangu ameahidiwa kazi katika bandari mpya ya Lamu. Ahadi ni ya mdomo tu.

Usije ukamdhania mvivu. Jiwe la msingi la bandari liliwekwa 2012, kisha Ghuba ya Manda ikachimbwa, na pale alipokuwa akitega nyavu pakajaa matope. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Siku ile alirudi nyumbani akicheka peke yake. Kisha ikaja rufaa, mazungumzo, orodha ya wavuvi wa kulipwa, na kuhakikiwa kwa orodha. Mei 2021 bandari ikaanza kupokea meli, fidia ingali inazungumzwa. Akiniambia mtu mmoja na mshipi wake hawezi kushindana na serikali, sina la kumjibu. Kesi ile waliipigania kwa umoja, na mimi nilichanga.

Lakini sasa ashinda barazani, simu mkononi. Kaka yangu alimwita kijiji cha Matondoni wakalafati jahazi, yaani kuziba nyufa za mbao, kwa ujira wa kila siku. Akajibu, "Nikienda huko, mheshimiwa akija nani atanijua?" (Mheshimiwa mwenyewe haonekani mtaani ila msimu wa kura.) Boti limelala mchangani na mbao zaanza kuachana. Ajabu ni kuwa mashini ameifunika gunia ndani, na kila mara huifunua akaifuta vumbi na kuitia mafuta.

Nimemwambia fidia ni haki yake hata akiwa baharini, jina halifutwi kwa sababu mwenyewe amekwenda kuvua. Hii kazi ya bandarini ni fadhila ya mtu. Anijibu siasa siijui. Unga naujua mimi! Mama mkwe naye asema nimwache mwanawe, mwanamume hutiwa moyo.

Mashini ile, zaidi ya nusu ilinunuliwa kwa zamu yangu ya chama. Je, nimkatalie mbele ya mnunuzi, au nimtume kaka yangu azungumze naye kabla ya Ijumaa? Na nikimzuia, kisha yule bwana ashinde kweli na wenzake waajiriwe, nitamtazama vipi?

Mke wa mvuvi,
Langoni, Amu