Shoga yangu, theluji nimeiona

Shoga yangu wa damu,

Mwangaluka! Mzee hajambo? Mguu wake je? Mimi nimefika Kigoma juzi usiku, nipo hapa Mwanga kwa mama, mvua inapiga bati tangu alfajiri na sina pa kwenda, nikasema leo nakaa chini nakuandikia kila kitu.

Najua umeona kimya changu. Sikukutumia hata picha moja toka kule Uswisi, na si kwamba nilikuwa bize, ni kwamba kila nikishika simu nakumbuka ile nafasi ya tano ilikuwa yako. Walivyokunyima visa wiki mbili kabla ya safari niliumia kuliko nilivyokuonyesha, eti hawana uhakika kama utarudi, wewe ambaye una mzee wa kumhudumia na darasa zima la watoto linakusubiri! Nilitaka na mimi nisiende. Wewe ndo uliniambia nenda, ukanipa na ile chupa ya asali pale stesheni. Basi nimeenda, na ninayokuandikia hapa ni ya kwako.

Tulikuwa watano, mimi, dada mmoja wa Mombasa, Mreno mmoja, na wenyeji wawili wa Lausanne tunaosoma nao, yule wa mwisho ndo alichukua nafasi yako. Tulienda Zermatt, kijiji kiko mwisho kabisa wa bonde, kimo chake mita 1,600 na ushee kutoka usawa wa bahari. Gari lako la mafuta haliingii pale, watu wanayaacha kijiji cha chini kinaitwa Täsch halafu wanapanda treni, na ndani ya Zermatt kuna vigari vidogo vya umeme tu vinapita taratibu. Kwa hiyo ukishuka stesheni unapokelewa na ukimya. Yaani stesheni imejaa watu, mabegi, watoto, na bado unasikia theluji inavyolia chini ya kiatu, kru kru kru. Unakumbuka ule mwaka tulishuka Uvinza tukatembea kwenye chumvi? Ni mlio uleule, na kwa mbali hata macho yanadanganyika, marundo meupe kando ya njia kama chumvi inayosubiri magunia.

Ila ukiishika sio chumvi. Ile ya asubuhi, iliyoanguka usiku, haina uzito, nilivua glavu nikachota kiganja kimoja nikaangalia kwa karibu, kila chembe ina matawi yake madogo kama jani la mchicha lililochongwa kwa sindano, halafu zinalegea moja baada ya nyingine mpaka unabaki na maji na vidole vinauma kama umeviunguza. Baridi ilikuwa digrii 12 chini ya sifuri. Kope zinashikana. Ile picha ya Kilimanjaro kwenye kitabu chetu cha jiografia fom tuu, nyeusi na nyeupe, tuliyokuwa tunagombania dawati la nyuma, haikutuambia chochote shoga.

Kuskii kwenyewe, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu umezifunga miguuni, nilijifunza siku mbili, sehemu ya wanaoanza, unapanda treni ya ndani ya mlima mpaka Sunnegga halafu unashuka kidogo mpaka penye kiziwa. Buti ni ngumu kama ndoo, zinafungwa kwa vishikizo vya chuma, huwezi kukunja kifundo cha mguu. Mwalimu anakwambia usimame kwa kuzikutanisha ncha za mbele na visigino uvitanue, magoti ndani, na uangalie unakoenda usiangalie miguu. Niliogopa kweli, nilianguka mara nyingi, bega likavimba, siku ya pili jioni nikashuka kile kilima chote bila kuanguka na nikalia pale chini peke yangu. Ilikuwa furaha tu.

Sasa hii mpe mzee aisome mwenyewe, maana ni mambo ya reli. Kuna treni inapanda toka kijijini mpaka Gornergrat, mita 3,089, ilifunguliwa mwaka 1898 na tangu siku ya kwanza inatumia umeme, wakati reli yetu imefika Kigoma 1914. Katikati ya reli mbili kuna ya tatu yenye meno, na chini ya behewa kuna gia inayong'ata yale meno, ndo maana haitelezi hata mlima ukisimama. Inapanda karibu mita 1,470 kwa nusu saa na dakika chache. Nilivyoisoma hiyo namba nikashtuka, kwa sababu ndo kina cha Tanganyika pale panapozama zaidi! Nikafumba macho nikawaza tumeanzia kwenye tope la chini kabisa la ziwa letu, tunapanda, tunapanda, mpaka tunatokea juu ya maji. Na tulivyofika juu mwanga ukanipiga usoni vilevile kama ukiibuka toka kupiga mbizi. Mbele yako jabali la Matterhorn, mita 4,478, limesimama peke yake limepinda kichwa, na upande mwingine mto wa barafu umelala kati ya milima, mpana, kimya, wenyeji wanasema unazidi kurudi nyuma na wanaongea kwa huzuni kama anayeongelea ndugu mgonjwa.

Hilo Matterhorn watu walifika kileleni mara ya kwanza 1865, miaka 6 kabla Stanley hajafika Ujiji. Walipanda saba, kwenye kushuka kamba ikakatika wakafa wanne, na kipande cha ile kamba kipo makumbusho pale kijijini, kamba nyembamba mno. Nilishindwa kukaa pale muda mrefu.

Kilichonigusa zaidi ni maghala yao ya zamani. Ya mbao, yameungua jua mpaka meusi, yamenyanyuliwa juu ya miguu, na juu ya kila mguu wameweka bamba la jiwe la mviringo panya asipande. Nilimwambia yule dada wa Mombasa hivi ni vihenge vya bibi yangu kabisa, shida ya panya ni moja dunia nzima.

Asali yako iliganda. Niliiacha dirishani usiku, asubuhi kijiko hakiingii, tukaiweka kwenye sufuria ya maji ya moto na ikarudi polepole, chumba kizima kikanukia miombo. Tuliila na mkate mpaka mwisho, na Mreno akaniuliza nani kaitoa nikamwambia habari zako zote.

Chupa sikuitupa. Siku ya kuondoka niliijaza theluji nikaishindilia mpaka juu, sasa yamebaki maji nusu chupa, yapo kwenye friji ya mama na nimewakataza watu wote humu ndani. Nakuja Tabora na treni wiki ijayo mama akipata nafuu, na nakuja na zile karatasi tuanze tena maombi ya visa, taarifa ya benki na barua ya mkuu wako wa shule tayarisha kuanzia sasa. Chupa nitaishika mkononi njia nzima. Maembe nibakizie.

Wako wa dawati la nyuma