Si ukungu huo, ni mdudu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa bustani umemjibu msomaji mwenye weupe kwenye shina la lagerstroemia yake, mti wa maua wa bustanini, kwamba apulize dawa ya ukungu, na ikishindikana aongeze kipimo. Mimi riziki yangu ni kupogoa na kutunza miti ya maua, na ushauri huo naupinga.

Kwa picha mliyoichapa, weupe ule ni wadudu gamba, yaani wadudu wadogo wanaojibandika kwenye mti na kuunyonya, tena wale wanaojivika felti, kifuniko kama kitambaa cha sufu. Asiyeamini akwangue kidoa kimoja kwa ukucha na kukiminya. Kikitoa majimaji ya rangi ya waridi, ubishi umekwisha.

Jike hutoa nyuzi za nta mwilini na kujitengenezea mfuko mweupe kama usufi. Humo ndani amechomeka mdomo wake kwenye gome, ananyonya, wala hahami tena. Ana urefu wa milimita 2 hivi. Mayai anayataga humo humo, kisha anakufa. Dawa nyingi za kupuliza huishia juu ya mfuko. Wanaotembea ni watoto wake, wadogo mno, wanaotafuta nyufa za gome, panda za matawi na makovu ya kupogolea. Mimi huzungushia tawi selotepu yenye gundi pande mbili. Vikianza kunasa vidoa vya waridi vyenye miguu, najua wametoka na hawajajivika. Huo ndio wakati wa kuwashughulikia.

Mnajua kilichowapotosha? Nadhani ni ule weusi kwenye majani. Huo kweli ni ukungu, ila hauuli mti. Unaota juu ya majimaji matamu anayoyatoa mdudu, yale yale yanayowaita sisimizi. Mdudu akiondoka, nao unakosa chakula.

Chukueni brashi laini, maji na sabuni kidogo, msugue shina na panda zake. Vijitawi vilivyojaa vikatwe. Mti ukiwa hauna majani, mafuta ya bustani, yale ya kupulizia miti dhidi ya wadudu, husaidia. Dawa ya kumwaga shinani ili ipande na utomvu inaweza kuwaua, lakini inafika hadi kwenye maua, na nyuki huyatembelea maua hayo. Mimi siitumii, na wateja wangu wanalijua hilo.

Msomaji wenu pia aulize miche yake ilitoka wapi. Mdudu huyu, Acanthococcus lagerstroemiae, asili yake ni Asia. Marekani aligunduliwa Texas mwaka 2004, na tangu hapo ameenea majimbo mengi, kwa sehemu kubwa kwa kubebwa kwenye miche. Miti ya elm na vichaka vya maua vya azalea navyo vina ndugu wa mdudu huyu wanaojivika felti. Kwa hiyo mche ukaguliwe panda kwa panda kabla haujashushwa kwenye gari.

Jambo la mwisho, na hili mkilichapa nitashukuru sana. Baadhi ya mabuu ya wale mbawakawa wa mviringo wanaokula wadudu gamba nayo yamevaa nta nyeupe, na watu huyaua wakidhani ni adui yule yule. Kitazameni kidoa kwa dakika chache: jike wa felti ametulia pale pale. Kinachotembea huku kimejaa manyoya meupe kiacheni, kiko kazini.

Mtunza miti