Ile dola 20 haikuombwa na mie

Mama Neema wangu,

Pole sana, dola 20 yako shangazi anakuletea, anapanda boti ya kesho asubuhi, nimeifunga ndani ya karatasi ya biskuti juu bila hivyo ataila njiani, unamujua mwenyewe. Nakuandikia ku imeli makusudi, WhatsApp tuache kwanza.

Ule aliyekuomba ile makuta, dola 20, ku WhatsApp yangu Ijumaa si mie. Na wewe pia ungeshtuka kidogo! Aliandika "Furaha nisaidie haraka", tangu lini nakuitaga Furaha? Ni vile jina lako liko ndani ya simu yangu, Furaha Goma, akasoma tu akaandika.

Sikia vile ilikuwa. Huku Bukavu, Kadutu, umeme unakuja usiku wa manane watu wamelala, kukicha hauko, basi simu kila asubuhi naipelekaga kwa kijana mwenye kuchajia watu pale chini. Nilimuachia na kodi ya kufungulia, ile namba ya siri ya simu, ili anitilie miziki. Kodi! Kwa mdomo wangu, mbele ya watu wamejipanga. Sasa sijui ni yeye sijui ni mwingine aliyekuwa anasimama pale, siwezi kushika mutu bila kuona, lakini mutu alifungua WhatsApp yangu akaiweka mbele ya kompyuta, ikasoma ile mraba ya vidoti vidoti, basi, imeisha, WhatsApp yangu iko ku kompyuta yake. Jioni nikachukua simu imejaa nikashukuru. Wiki 2 nzima anasoma kila kitu, na yale mambo ya bwana yako pia, unisamehe. Simu haikulia, haikuzima, hakuna kitu.

Kwa hiyo simama hapa kwanza, usiendelee kusoma. Fungua WhatsApp, gusa vidoti 3 vya juu, ingia pale wameandika "Appareils connectés". Kwangu nilikuta Google Chrome, Windows, leo 05:12. Saa ile nilikuwa nalala, na kompyuta sina! Ukiona kitu huijui, igusa, uiondoe. Inakubaliaga mpaka vyombo 4, angalia vyote.

Ukiisha hapo weka na ile kodi ya namba 6 ya WhatsApp yenyewe, na imeli yako, juu ukiisahau na imeli hauko nayo utangoja siku 7. Hiyo isingenisaidia mie, nakuambia kweli, ni ya kuzuia mwizi wa aina ingine, ule anakuandikia "nimekosea, kodi yangu imekuja ku namba yako, nirudishie". Hata padri akiiomba, hapana.

Kadi SIM nayo. Wakikunyang'anya simu huko Goma ku Birere, mwizi hana haja ya kuifungua, anatoa SIM anaitia ndani ya simu yake, mesaji zote za kodi zinaangukia kwake. Ukiweka PIN ya SIM akikosa mara 3 inajifunga, inaomba PUK, ile kodi ingine ya kuifungulia. Lakini tafuta kwanza ile karatasi ya SIM, PIN ya zamani iko pale, usikisie wewe ukajifungia mwenyewe.

Na namba ya siri ya makuta ku simu... Mama Neema. Mwaka wa kuzaliwa kwa mutoto? Kila mwaka unaweka keki ku statusi na namba juu yake! Badilisha leo.

Mie sasa nimenunua pawabanki, njo inaendaga kuchajiwa, simu inabaki ku mfuko. Kijana ananiuliza mama siku hizi hautuletei tena simu, nikamuambia imeharibika.

Tukikosa pesa tupigiane, sauti, si kuandika. Na shangazi akifika mulipe chai kwanza, halafu uhesabu.

Wako,
Mama Josué