Tupimieni lishe kwa upawa wetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara. Nakaa Magomeni, kibanda changu kiko karibu na Soko Kuu, na kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa. Kilichonifanya nishike kalamu ni ule ukurasa wenu wa afya wa majuzi uliotuelekeza kifungua kinywa cha mtu anayetaka kupunguza mwili: oti, lozi, epo la kijani, mtindi uliotolewa mafuta. Nilimsomea jirani yangu muuza dagaa, tukacheka. Nilipobaki peke yangu sikucheka tena, kwa sababu karatasi ya namna hiyohiyo niliwahi kupewa kliniki, nikakaa nayo mwaka mzima bila kubadilisha hata kijiko.

Nianze na daftari langu. Kila mteja ana ukurasa wake: bega, kifua, kiuno, hipsi, urefu wa gauni. Msimu wa ngoma ukikaribia, akina mama wanakuja na vitenge vya sare, nami nafungua ukurasa uleule wa mwaka jana. Kiuno kilikuwa 34, nakata naandika 36. Mwaka unaofuata nakata tena, 39. Zamani nilikuwa naacha akiba ya nusu inchi kila upande wa mshono. Siku hizi naacha inchi nzima bila kuombwa, maana najua gauni litarudi kufumuliwa kabla kitenge hakijapauka. Akina baba nao wana ujanja wao. Mwanamume wa miaka 50 anakwambia kwa kujiamini anavaa 34, kumbe suruali ameifunga chini ya tumbo, na tumbo lenyewe halijapimwa tangu aoe.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wangu mwenyewe. Nilipoanza ufundi kiuno changu kilikuwa 30. Mwaka 2022 kilikuwa 41.

Mwaka huohuo nilipata kizunguzungu nikiwa nimeinama nakata kitambaa. Nikaenda kupimwa: kilo 86 kwa urefu wa sentimita 158, na presha juu. Muuguzi akachukua kilo zangu, akagawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ikaja 34. Akasema ukifika 25 umeshazidi, ukifika 30 huo ni unene wa kushughulikiwa. Nikapewa vidonge na ile karatasi. Brokoli ilikuwemo, samaki wa Ulaya alikuwemo. Kwa bei ya epo moja mimi nanunua papai la kutosha nyumba nzima. Katika dakika zote nilizokaa mle ndani hakuna aliyeniuliza, mama, wewe nyumbani unakula nini?

Hapo katikati nikapotea. Kuna mama alikuwa anapita madukani na chai ya kukata tumbo, pakiti ina picha ya mwanamke mwembamba kama sindano. Nikanunua. Siku tatu niliishi chooni, cherehani imefunikwa. Mizani ikashuka kilo mbili nikashangilia. Wiki iliyofuata zote mbili zikarudi, kwa sababu kilichotoka kilikuwa maji, mafuta yalibaki palepale. Wateja wangu wanne wamepitia chai hiyohiyo, na wawili kati yao wananunua hadi leo.

Kilichonizindua ni kitu nilichokisikia redioni, kwamba kiuno cha mtu mzima kisizidi nusu ya urefu wake. Hiyo ni lugha ya fundi. Nikachukua uzi, nikasimama wima ukutani, binti yangu akaukata kuanzia utosini hadi kisiginoni. Inchi 62. Nikaukunja katikati, nikauzungusha tumboni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, bila kubana pumzi. Ncha mbili za uzi hazikukutana. Uwazi uliobaki ulikuwa inchi kumi, unapitisha viganja viwili na vidole juu. Binti yangu alinyamaza, na huyo si mtoto wa kunyamaza. Tangu siku hiyo nina uzi mweusi kibandani, na mteja nikimwona ana moyo wa kupokea maneno namkatia wake.

Jumamosi iliyofuata niliamua kupima chakula kama ninavyopima kitambaa. Sikupunguza kitu, nilihesabu tu. Chai: kikombe cha alfajiri, cha saa nne, cha baada ya chakula, cha alasiri, cha usiku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 15. Kijiko cha chai kikiwa sawasawa kina gramu 4 hivi, kwa hiyo ni gramu 60, na Shirika la Afya Duniani linasema ya kuongeza isifike hata 50 kwa siku, na ikiwa 25 ndiyo bora zaidi. Vijiko vyangu, niseme ukweli, vilikuwa na mlima. Bado soda ya mchana, ambayo chupa yake ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa.

Mafuta: sisi watu sita tulikuwa tunamaliza lita moja kwa siku tano. Nilikuwa sijui, kwa sababu nilikuwa nanunua ya kupima dukani, leo ya mia tano, kesho ya mia tano, na kitu unachonunua kidogokidogo hakijionyeshi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya ugali mkavu au ya nyama isiyo na mafuta haifiki hata nusu ya hapo. Siku hizi nanunua chupa ya lita, nimeichora mistari kumi kwa kalamu, kila siku mstari mmoja. Ikifika siku ya nane chupa iko tupu najua kuna mtu amekaanga mihogo sipo.

Halafu korosho. Hili linatuhusu sisi wa Mtwara na Lindi kuliko Watanzania wengine, na sijawahi kuliona gazetini. Korosho ni chakula kizuri, zina mafuta mazuri na protini, lakini kiganja kimoja kinatosha. Kikombe kizima kinapita kalori 700, wakati mwanamke wa umri wangu anahitaji kama 2,000 kwa siku nzima. Mimi nilikuwa na bakuli pembeni ya cherehani, zile zilizovunjika anazoniletea jirani anayebangua, mkono mmoja kwenye kitambaa na mwingine bakulini. Nikifika nyumbani nasema sijala kitu tangu asubuhi, na nilikuwa naamini.

Jambo jingine lilinichoma nilipolikumbuka. Mwaka 2017 nilifunga mota kwenye cherehani yangu ya miguu. Kazi ikaenda haraka, na miguu iliyokuwa ikikanyaga tangu asubuhi hadi magharibi ikastaafu. Sasa naenda kazini kwa miguu, dakika 25, siku sita za wiki. Binti alinifanyia hesabu: hizo ni 150, ndizo zinazopendekezwa kwa wiki. Kurudi napanda bodaboda, sijaona sababu ya kujitesa.

Chakula chenyewe sikukibadilisha, na hapa ndipo ninapogombana na ile karatasi. Mama mkwe wangu ananiletea makopa, ule muhogo mkavu wa kusaga unga, kutoka Newala, na ugali wa muhogo ndio uliotukuza. Nimepunguza bonge tu. Zamani lilikuwa kama ngumi zangu tatu, sasa ni ngumi moja na nusu, na nafasi iliyobaki kwenye sahani inajazwa mboga. Ugali wa muhogo ni wanga mtupu, ukiula peke yake njaa inarudi upesi, unahitaji kitu cha kuusindikiza. Kisamvu nakipika kwa tui la pili, la kwanza nimeliachia sikukuu. (Wageni mnaohamia huku, kisamvu lazima kitwangwe na kichemke sana, kina sumu kikiwa kibichi.) Samaki nanunua Feri, nachemsha kwa ndimu na nyanya au nachoma. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, namlowesha usiku kucha na kumwaga maji, kwa sababu ya chumvi na presha yangu.

Na mbaazi! Mwaka ule wa 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei ilianguka, wakulima wa huku wakabaki na magunia ndani. Tulikula mbaazi asubuhi, mchana na usiku hadi watoto wakatunga wimbo. Wakati ule tuliona ni adhabu. Leo ndiyo kifungua kinywa changu: bakuli la mbaazi na kikombe cha chai chenye kijiko kimoja. Nashiba hadi saa saba, jambo ambalo maandazi manne hayakuwahi kunifanyia. Msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, nachemsha na kula na pilipili pale nilipokuwa nakula chipsi. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, nakula mabibo. Tunda hilo lina vitamini C kuliko chungwa, na sisi tunang'oa korosho tunaliacha lioze shambani, au tunalikamua kwa kazi nyingine ambayo sitaiandika kwenye gazeti.

Mtihani mkubwa ulikuwa Ramadhani. Mwezi wa kufunga ndio niliokuwa nanenepa kuliko yote, na sijui ni wangapi watakaokubali kusema hivyo. Futari ya kwetu ni tambi za sukari, kalimati, viazi vya nazi, uji wa sukari, vyote kwenye sinia moja, halafu daku saa tisa usiku juu yake. Mwaka uliofuata nilifungua kwa tende tatu, maji na uji usio na sukari, nikaenda kuswali, ndipo nikala. Niliporudi kutoka kuswali nusu ya ile njaa ilikuwa imekwisha. Wifi yangu aliona namdharau.

Maana watu nao ni sehemu ya chakula. Huku kwetu mtu akipungua, swali la kwanza ni unaumwa nini. Kiuno kilipofika 38 wakaanza kunong'ona. Mmoja alinivuta pembeni kwa huruma kabisa akaniuliza kama nimeshapima, na nilijua anachomaanisha. Mwingine akasema biashara imenishinda. Kwenye shughuli ukipakuliwa pilau ukasema inatosha, mpakuaji anakuongezea upawa mwingine akicheka, na kubakiza ni kumtukana mwenye shughuli. Nimejifunza kushika sahani yangu mwenyewe na kuanza kwenye kachumbari. Nadhani wengi wanashindwa hapa, kwenye midomo ya watu, kabla hata hawajashindwa jikoni.

Nilipomaliza miezi 14 nilikuwa na kilo 76 na kiuno inchi 37. Sijawa mwembamba, kwa ile hesabu ya muuguzi bado nimo kwenye 30, na uzi wangu haujakutana, umebakisha inchi sita. Vidonge naendelea kumeza, siku ya kuviacha ataisema daktari. Lakini presha imeshuka, na nainama kukata kitambaa bila kushika meza.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkimwalika mtaalamu wa lishe kwenye ule ukurasa, mwambieni aandike kwa upawa, bakuli, ngumi na kiganja. Aandike mbaazi, makopa, mtama, dagaa, mchicha, kisamvu. Atuambie tui la kwanza na la pili yanatofautianaje, mihogo ya kukaanga ya jioni inabeba mafuta kiasi gani, na mama anayeuza vitumbua afanyeje asivile mwenyewe. Mwandishi wenu akitaka kuona aina za vyakula vya huku aje sokoni asubuhi, mimi nitamtembeza.

Jina langu nimeliandika nyuma ya barua hii kwa ajili yako. Naomba usilichapishe, kwa sababu wenye vile viuno vya 39 watajijua, na sare za mwaka huu bado sijalipwa.

Fundi cherehani,
Mtwara.