Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: ORODHA YA NCHI IANDAMANE NA KILA TAKWIMU YA KANDA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Ofisi yako ndiyo inayotunza M49, mpangilio wa nchi na kanda ambao mashirika, watafiti na waandishi wa habari huutegemea kila wanapotaka kuisemea "Afrika Mashariki" au "Asia Magharibi" kwa tarakimu. Sina ugomvi na kuwepo kwake. Ardhi haikuumbwa na mistari, kwa hiyo lazima mtu akae akate. Ugomvi wangu ni kwamba tunaletewa vipande bila kuonyeshwa kisu kimepita wapi.

Chukua Sudan. Hadi Julai 2011 ilikuwa nchi moja, namba 736 katika M49, Afrika Kaskazini. Ilipogawanyika, Sudan ilipewa 729 ikabaki Kaskazini, na Sudan Kusini ikapewa 728 ikawekwa Afrika Mashariki. Mpaka wa nchi mbili ukageuka papo hapo kuwa mpaka wa kanda mbili. Zaidi ya hapo, kwenu Afrika Kaskazini haihesabiwi Kusini mwa Sahara, kwa hiyo majirani hawa wametupwa hata katika makundi makubwa tofauti.

Sasa fungua majedwali ya wengine. Benki ya Dunia inaihesabu Sudan kuwa nchi ya Kusini mwa Sahara, ila Djibouti inaitoa huko na kuipeleka kanda ya Mashariki ya Kati, Afrika Kaskazini, Afghanistan na Pakistan. Kwa Umoja wa Afrika, Sudan ni Mashariki, na Mauritania, ambayo kwenu ni Magharibi, ni Kaskazini. Shirika la Afya Duniani limeiweka Sudan katika kanda ya Mediterania ya Mashariki, pamoja na Somalia na hata Pakistan. Shirika hilohilo limeigawa rasi ya Korea: Kaskazini iko Asia ya Kusini-Mashariki, Kusini iko Pasifiki ya Magharibi. Hapo jiografia ilishaaga zamani.

Haya si mambo ya kuchekesha tu. Sudan ina watu zaidi ya milioni 45, wengi kuliko Libya na Tunisia zikiwekwa pamoja, na tangu Aprili 2023 imo vitani. Kuitia au kuitoa kunabadili wastani wa Afrika Kaskazini wa njaa, wa shule, wa vifo vya watoto. Msomaji anaweza kukutana na taarifa mbili juu ya "Afrika Kaskazini", zote sahihi, zikivutana, asijue kwamba moja imeibeba Khartoum na nyingine imeiacha nje.

Najua mna tanbihi yenu: kwamba mgawanyo ni kwa urahisi wa kitakwimu na haubebi msimamo wowote wa kisiasa. Naikubali. Lakini tanbihi inabaki kwenye ukurasa wa mbinu, na wastani unasafiri peke yake hadi kwenye kichwa cha habari.

Siombi nchi yoyote ihamishwe. Mkiihamisha Cyprus kutoka Asia Magharibi kwa sababu iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, kesho Georgia itabisha hodi, na kuhusu Urusi sijui mtaanzia wapi (Vladivostok, inayotazamana na Japani, kwenu ni Ulaya Mashariki). Acheni kila nchi ilipo.

Ninachoomba ni kwamba kila jedwali, kila grafu na kila taarifa kwa vyombo vya habari yenye wastani wa kanda ibebe majina ya nchi zilizomo, ndani ya faili hilohilo, pamoja na mwaka wa orodha. Nchi ikihama kanda, hesabu za nyuma zirudiwe. Zisiporudiwa, mstari wa grafu ukatwe waziwazi.

Wala si jambo geni kwenu. Majedwali ya malengo ya maendeleo endelevu huandika "Oceania bila Australia na New Zealand", na msomaji anaelewa mara moja kwamba anasoma habari za visiwa. Naomba toleo lijalo mwanzie Afrika Kaskazini. "Pamoja na Sudan" inaenea kwenye kichwa cha jedwali lolote.

Wako,
Msomaji wa takwimu zenu